Mita 120 za bomba: maji ya muda kiwanjani yanagharimu kiasi gani?

Dumu la lita 20 linaloletwa na guta hadi kwenye kiwanja kinachojengwa pembezoni mwa Dar es Salaam halionekani kuwa ghali likiuzwa shilingi 400. Mtu anatoa mia tano, anarudishiwa mia, biashara imekwisha. Lakini ankara ya maji haihesabu madumu, inahesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Madumu 50 kwa shilingi 400 ni shilingi 20,000. Maji hayohayo yakitoka kwenye bomba la mamlaka ya maji kwa shilingi 1,700 kwa uniti, muuza guta anakuwa ameuza karibu mara 12 ya bei ya bomba. Pengo hilo la shilingi 18,300 kwa kila uniti ndilo linalomfanya mwenye kiwanja aangalie koki ya jirani ng'ambo ya barabara na kuanza kuhesabu hatua.

Kabla ya kwenda mbali, neno kuhusu bei. Shilingi 1,700, shilingi 400 na nyingine zitakazofuata ni bei za kuchukulia, zimekatwa ziwe namba nzima ili hesabu ifuatike kwa kichwa. Bei halali ya bomba huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na hutofautiana kati ya mamlaka na mamlaka. Bei ya guta huidhinishwa na jua, kilima na mgao. Mwenye risiti zake aweke namba zake. Ninachotaka kuona hapa ni namba ipi ikitikiswa kidogo inabadilisha uamuzi, na ipi hata ikiongezwa mara mbili haibadilishi kitu.

Kiwanja cha mfano kiko kwenye mteremko, kama vilivyo vingi vya Goba na Madale. Kuna kontena la futi 20 ambalo ni stoo ya saruji mchana na makazi ya mlinzi, mkewe na mtoto mmoja usiku. Nyumba ya vyumba vitatu inajengwa taratibu pembeni yake. Koki ya karibu ni ya jirani, mita 120 kwa kufuata ukingo wa barabara, na kontena liko mita 6 juu ya koki hiyo. Maji ya mamlaka huja mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, jumla dakika 480.

Shirika la Afya Duniani huzungumzia lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku ili mahitaji ya kawaida yatimie. Viwango vya Sphere vinavyotumika kwenye kambi za dharura vinashuka hadi lita 15. Nimechukua 50. Watu watatu ni lita 150 kwa siku, sawa na lita 54,750 kwa mwaka.

Ujenzi unakunywa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa kwa uwiano wa nusu, yaani uzito wa maji uwe nusu ya uzito wa saruji, unahitaji lita 25. Nyumba ikila mifuko 300, maji ya kuchanganyia ni lita 7,500 tu. Kazi kubwa iko nje ya mchanganyiko: kuosha vyombo, kulowesha tofali, na kumwagilia zege ili likomae. Chukua jamvi la mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 10. Hiyo ni zege mita za ujazo 10, na kwa saruji kilo 320 kwa kila mita ya ujazo inatoka mifuko 64, ambayo ni lita 1,600 za kuchanganyia. Likimwagiliwa lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku 7, linadai lita 3,500 zaidi, zaidi ya mara mbili ya maji yaliyolizaa. Kwa sababu hiyo nimezidisha lita 7,500 kwa tatu na kupata lita 22,500 kwa kazi yote.

Jumla ya mwaka ni lita 77,250, au uniti 77 na robo. Kati ya hizo, saiti inachukua asilimia 29 na kontena asilimia 71. Mwenye kiwanja anayesema anavuta maji “ya ujenzi” anavuta, kwa sehemu kubwa, maji ya familia ya mlinzi. Jambo hili lina uzito kwa sababu maji ya ujenzi yana mwisho, na ya familia hayana.

Sasa tuweke njia nne mezani, zote kwa kiasi hichohicho cha maji na kwa miezi 12.

Dumu la guta halihitaji mtaji wowote wa maana. Lita 77,250 kwa shilingi 20 kwa lita ni shilingi 1,545,000, yaani shilingi 128,750 kila mwezi.

Boza la lita 5,000 likipanda kilima kwa shilingi 70,000 linauza lita kwa shilingi 14, nafuu ya asilimia 30 ukilinganisha na guta. Ila boza haliuzi nusu. Mahitaji ya mwaka ni safari 15 na kidogo, ambazo kwa dereva ni safari 16, sawa na shilingi 1,120,000. Halafu lazima pawe na mahali pa kumwaga lita 5,000 kwa mara moja. Tangi la ukubwa huo nimeliwekea shilingi 900,000. Jumla ni 2,020,000, na njia iliyoonekana nafuu kwa lita imekuwa ghali kuliko zote.

Bomba kutoka kwa jirani lina vipande vingi. Bomba jeusi la plastiki la milimita 25, mita 120 kwa shilingi 1,800, ni shilingi 216,000. Tangi la lita 1,000 ni shilingi 200,000. Dira ndogo ya kupimia, koki, viungio na valvu ya kuzuia maji yasirudi ni shilingi 150,000. Mtaji ni 566,000. Jirani anauza shilingi 100 kwa dumu, yaani shilingi 5,000 kwa uniti, ambayo ni karibu mara tatu ya anachotozwa yeye. Maji ya mwaka yanakuwa shilingi 386,250. Jumla ni 952,250.

Njia ya nne ni kuunganishiwa maji kwa jina lako. Nimechukulia shilingi 700,000 kwa maombi, vifaa, kuchimba na fundi wa mamlaka, pamoja na tangi lilelile la shilingi 200,000. Maji kwa bei ya bomba ni shilingi 131,325. Jumla ni 1,031,325. Kuchimba kisima nimekiacha: kwa uniti 77 kwa mwaka ni mtaji wa kiwango kingine kabisa, na karibu na pwani mtu anaweza kulipa mamilioni akapata maji ya chumvi.

Kwa mwaka mmoja, basi, bomba la jirani linaongoza, na kuunganishiwa kunafuata kwa tofauti ya shilingi 79,075. Tofauti hiyo ni asilimia 8, ndogo kuliko kosa la makadirio yangu mwenyewe, kwa hiyo mtu asiseme jirani ameshinda. Kinachosema zaidi ni mwendo wa gharama. Bomba la jirani linaanza na 566,000 na kula 32,188 kila mwezi. La mamlaka linaanza na 900,000 na kula 10,944. Pengo la mwanzo ni 334,000, pengo la kila mwezi ni 21,244. Gawanya, unapata miezi 15 na siku kadhaa. Kwa guta hesabu ni hiyohiyo: 566,000 za mtaji zikigawanywa kwa akiba ya 96,562 kwa mwezi ni chini kidogo ya miezi 6.

Namba mbili zimejitokeza. Chini ya miezi 6, nunua madumu na usichimbe kitu. Kati ya miezi 6 na 16, vuta kwa jirani. Zaidi ya miezi 16, nenda ofisi ya mamlaka siku ya kwanza. Hapo ndipo dhana ya miezi 12 inapohitaji kuhojiwa, kwa sababu hakuna aliyeniambia ni 12. Nimeiweka kwa kuwa mwaka una miezi 12. Nyumba nyingi za Watanzania hujengwa kwa mshahara na mchezo wa upatu, si kwa mkopo wa mara moja: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati likipatikana. Mwenye kiwanja anayejua kwamba hatamaliza kwa miezi 16 lakini bado anaita maji yake “ya muda” anafanya hesabu kwa neno badala ya tarehe.

Kuna dhana nyingine iliyojificha kwenye boza. Nimelitoza tangi lake lote, kana kwamba litatupwa kazi ikiisha. Kwa kweli tangi litapanda kwenye mnara wa nyumba na kutumika miaka. Tukiyaondoa matangi kwenye njia zote, boza halina mtaji wowote na linalipiga guta tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu 93,333 kwa mwezi ni chini ya 128,750. Bomba la jirani, likiwa limebaki na mtaji wa 366,000, linalishinda boza baada ya miezi 6. Kwa hiyo uamuzi kati ya guta na boza unategemea kabisa swali la kihasibu: tangi ni la nani, la ujenzi au la nyumba? Lakini kati ya jirani na mamlaka hakuna kilichobadilika, maana tangi lilikuwa pande zote mbili. Miezi 16 imebaki palepale, na kwa namba niliyoipata kwa kukisia bei, huo ni uimara wa kutosha.

Hesabu zote hizi zina udhaifu mmoja ambao shilingi hazionyeshi: zinachukulia kwamba mtu anayelipa 400 kwa dumu anatumia maji sawa na mwenye koki. Hatumii. Anaoga kwa nusu ndoo, na maji ya kufulia yanaoshea sakafu. Tuseme familia ya kontena inashuka hadi lita 25 kwa mtu. Maji ya nyumbani yanakuwa lita 27,375, yenye thamani ya shilingi 547,500. Ongeza 450,000 za saiti, jumla 997,500. Ghafla guta limekaribiana na bomba la jirani, tofauti ikiwa shilingi 45,250 tu kwa mwaka. Anayeona namba hizo mbili bila kuona lita atasema njia hizi ni sawa. Moja imetoa maji ya nyumbani nusu ya nyingine.

Je, mji wenyewe una maji? Mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini lita milioni 270. Jumla ni milioni 466. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kugawa moja kwa nyingine kunatoa lita 86 na nusu kwa mtu, juu ya zile 50. Mgawanyo huo ni wa kurahisisha mno: mitambo hiyo inahudumia pia sehemu za Mkoa wa Pwani, viwanda na ofisi zinakunywa humohumo, na uwezo wa mtambo si uzalishaji wa kila siku, kama ulivyoonyesha mgao wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua. Theluthi tu ikipotea njiani, zinabaki lita 58. Wastani bado unatosha. Kiwanja chetu hakikosi maji kwa sababu mji hauna. Kinayakosa kwa sababu ya mita 120 za mwisho na mita 6 za kupanda, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua.

Fundi wa mtaani akiulizwa bomba la kuvuta maji ya muda, mara nyingi hutaja mpira wa nusu inchi, kwa kuwa ni rahisi kuviringisha. Kwa shilingi 1,000 kwa mita, ni shilingi 120,000, pungufu kwa 96,000 kuliko bomba jeusi la milimita 25. Tofauti ya upana haionekani kubwa: tundu la mpira ni karibu milimita 12.7, la bomba ni karibu 21. Lakini maji hupoteza nguvu kwa kusuguana na kuta za bomba, na hasara hiyo hupanda kwa kasi ya kutisha tundu linapopungua. Kupitisha lita 12 kwa dakika kwenye mita 120 kunapoteza nguvu ya takriban mita 33 kwenye mpira wa nusu inchi, na chini ya mita 3 kwenye bomba la milimita 25. Mita hapa ni kimo ambacho presha ingeweza kuyapandisha maji. Presha ya bar moja ni karibu mita 10.

Sasa tuseme koki ya jirani ina mita 10. Mita 6 zinaliwa na mteremko. Mwenye kiwanja amejenga kibanda cha tofali cha mita moja na nusu chini ya tangi, na mdomo wa tangi uko mita moja na nusu juu ya kibanda. Hapo mita 3 nyingine zimekwenda. Imebaki mita 1 ya kusukuma maji katika mita 120. Kwa mpira wa nusu inchi inatoka takriban lita 1.8 kwa dakika, na kwa dakika 480 za wiki zinapatikana lita 873. Familia peke yake inahitaji 1,050. Kwa bomba la milimita 25 zinatoka lita 6.8 kwa dakika, karibu lita 3,280 kwa wiki, za kutosha familia na saiti yote.

Pungufu la mpira mwembamba, lita 177 kwa wiki, ni madumu 9 ya guta, shilingi 3,600. Kwa wiki 52 ni 187,200. Zile 96,000 zilizookolewa dukani zimekwisha katika wiki ya 27, na hapo saiti haijapewa hata tone.

Lakini kuna dawa isiyo na bei. Ondoa kibanda, weka tangi chini juu ya jamvi dogo, na mita moja na nusu inarudi. Mpira uleule mwembamba sasa unatoa karibu lita 1,430 kwa wiki. Familia inatosheka, lakini ukiongeza lita 433 za wastani wa saiti, mahitaji ni 1,483 na bado kuna upungufu mdogo. Kibanda cha tangi ambacho kila mtu hujenga ili “maji yawe na presha” ndicho kilichokuwa kinayazuia maji yasiingie.

Nguvu ya mita 10 nayo ni ya kuhojiwa zaidi kuliko bei zote. Ilipimwa lini? Usiku wa manane, koki zote za mtaa zikiwa zimefungwa, au saa moja asubuhi kila nyumba ikijaza? Presha ikishuka kwa asilimia 10 tu, kutoka mita 10 hadi 9, tangi lililo juu ya kibanda halipati upungufu wa asilimia 10. Halipati kitu. Anayekaribia kununua mita 120 za bomba angefanya vizuri kwanza kuufunga mpira mfupi kwenye koki ya jirani saa za matumizi makubwa, kuuinua wima kwenye ngazi au mti, na kuona maji yanakomea wapi.

Uvujaji una hesabu yake, na hesabu hiyo huanzia kwenye swali la dira ikae wapi. Ikikaa kwa jirani, kila tone linalopotea katika mita 120 ni la mvutaji. Ikikaa kwenye kontena, ni la jirani, naye atalijua ankara ikija. Kiungio kinachovuja lita moja kwa dakika wakati wa maji kinapoteza lita 480 kwa wiki, sawa na asilimia 46 ya mahitaji ya familia. Kwa shilingi 5,000 kwa uniti hiyo ni shilingi 2,400 kwa wiki, au 124,800 kwa mwaka. Pale ambapo bei ya uniti hupanda kwa madaraja, kuna zaidi: uniti 6 na nusu za kila mwezi za kiwanja zinaweza kuisukuma ankara ya jirani kwenye daraja la juu, na faida aliyodhani anaipata kwa shilingi 100 kwa dumu ikapungua bila yeye kujua sababu.

Bomba lililolala juani lina gharama nyingine. Mita 120 za tundu la milimita 21 zinabeba lita 42 za maji yaliyosimama tangu mgao uliopita, yakichemka jua lote la mchana. Bakteria wa lejionela hustawi kwenye maji ya nyuzijoto 20 hadi 45, na bomba jeusi linalolala juani Dar es Salaam halina shida kufika humo. Kumwaga lita hizo mara mbili kwa wiki ni lita 84, asilimia 8 ya maji ya familia. Zikimwagwa kwenye zege si hasara, zikiingia tangini ni hatari. Mpira wa bustani una tatizo la ziada, kwa kuwa haukutengenezwa kwa maji ya kunywa. Na maji yanapokatika, bomba linaweza kunyonya badala ya kusukuma: ufa mdogo kwenye bomba linalopita mtaroni huvuta maji ya mtaro, na mdomo wa mpira uliozama kwenye pipa la saruji huvuta saruji hadi jikoni kwa jirani. Valvu ya kuzuia maji yasirudi imo kwenye zile 150,000, na ni kipande ambacho nisingekubali kikatwe bajeti ikibana.

Kwa Waingereza wanaoishi kwenye karavani zisizohama, bomba la namna hii, la buluu na la milimita 25 pia, huzikwa angalau sentimita 75 chini ili lisigande wakati wa baridi. Huku hakuna kuganda, na sentimita 30 zingetosha kulikinga na jua, magurudumu na panga la mfyeka nyasi. Kuchimba kwa shilingi 1,000 kwa mita ni 120,000. Ukiiongeza kwenye mtaji wa bomba la jirani, ile miezi 16 inashuka hadi 10. Yaani bomba la muda likifanywa vizuri, linaacha mapema kuwa nafuu kuliko la kudumu.

Hata hivyo maji yatahitaji kutibiwa kabla ya kunywewa, na hapa kuna namba iliyonishangaza nilipoiweka kando ya nyingine. Watu watatu wanakunywa takriban lita 9 kwa siku, asilimia 6 ya maji yao. Kuzichemsha kutoka nyuzijoto 27 kunadai nishati ya megajuli 2.75. Kwa jiko lenye ufanisi wa asilimia 20 na mkaa wenye megajuli 29 kwa kilo, ni karibu nusu kilo ya mkaa. Mkaa ukiwa shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 470 kwa siku, 171,550 kwa mwaka. Lita zote 150 za siku hiyo, kwa bei ya bomba, ni shilingi 255. Kuchemsha asilimia 6 kunagharimu karibu mara mbili ya kununua asilimia 100. Klorini ni hadithi tofauti: kwa dozi ya miligramu 2 kwa lita, tangi la lita 1,000 linahitaji gramu 3 hivi za unga wenye nguvu ya asilimia 65, ili ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita mtu anapofungua koki.

Siku ya kumwaga jamvi hakuna bomba linalotosha. Lita 1,600 zinahitajika ndani ya saa chache, tangi lina 1,000, na hakuna anayejua kama mgao utaangukia siku hiyo. Boza moja la shilingi 70,000 liingizwe kwenye bajeti mapema pamoja na mapipa ya kupokelea; mafundi waliosimama wakisubiri maji hulipwa siku yao kamili, na saruji iliyokwisha kulowa haisubiri mtu.

Imebaki namba moja. Bei ya jirani ya shilingi 100 kwa dumu ilitajwa haraka, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Akikubali shilingi 50, pengo la kila mwezi kati yake na mamlaka linashuka hadi shilingi 5,150, na bomba lake linabaki nafuu kwa miezi 65, zaidi ya miaka mitano. Akiomba 150, unafuu wake unaisha kabla ya mwezi wa 9 kwisha. Nyongeza ya shilingi 100 kwa dumu imeitembeza hesabu kutoka miezi 65 hadi 9, wakati kupandisha bei ya bomba jeusi kwa nusu nzima, hadi shilingi 2,700 kwa mita, kunaisogeza kutoka miezi 16 hadi karibu 11 tu. Bei hiyo iandikwe na kusainiwa kabla bomba halijanunuliwa, pamoja na muda wake, mahali pa dira, nani analipa kinachovuja, na kama mkataba wa jirani na mamlaka unamruhusu kumpa maji mtu wa kiwanja kingine. Mkataba huo usipomruhusu na maji yakakatwa, kila mwezi wa kurudi kwenye guta ni shilingi 128,750, na jirani naye atakuwa akinunua madumu.